Mchora Ramani Naye ni Msimulizi: Ramani za Kale na Fasihi Simulizi ya Nyanza Kusini

Kilomita chache kutoka mji wa Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, lipo ziwa dogo la mviringo lenye maji ya magadi. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000 ziwa hilo halizidi ukubwa wa kifungo cha shati. Mwanajiolojia atalieleza kuwa ni shimo lililoachwa na mlipuko wa volkeno. Mzee wa Karachuonyo atalieleza vingine. Palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na karamu. Akaja bikizee mchovu, akaomba chakula na mahali pa kujisitiri, akafukuzwa kama mbwa. Usiku huo mvua ikanyesha hadi kijiji chote kikazama pamoja na walevi wake. Ndiyo maana pakaitwa Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama.

Hekaya hii haina ugeni kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Hata hivyo, kuna jambo ambalo hutokea pindi inapovuka kutoka Dholuo na kuingia Kiswahili. Fomyula ya kufungulia ngano, ile ya hapo zamani za kale palipokuwa na kijiji kimoja, huchukua nafasi ya mahali penyewe. Karachuonyo hupotea. Njia aliyoijia bikizee hupotea. Kinachosalia ni funzo la kutomnyima mgeni chakula, funzo ambalo lingeweza kupatikana Lamu au Bukoba pasipo taabu yoyote. Kisakale chenye anwani kimegeuzwa ngano isiyo na makao, na mtafiti hata hana habari kwamba amepoteza kitu.

Hali ni hiyo hiyo kwa Nyamgondho, yule mvuvi maskini wa pwani ya Gwassi aliyemvua bikizee kwa wavu wake, akatajirika kwa ng'ombe, kisha akamtukana mfadhili wake na kuona mali yote ikimfuata bikizee ziwani. Hali ni hiyo pia kwa mighani ya Gor Mahia wa Kanyamwa, huko Ndhiwa. Masimulizi haya hayaelei hewani. Yana kilima, yana ufuo, yana mti ambao msimulizi huuonyesha kwa kidole anapofika kilele cha kisa chake. Anayekuja na kinasa sauti peke yake huondoka na sauti ya msimulizi, na kidole hukiacha kule kule.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba mtafiti wa Kiswahili anayeingia Nyanza Kusini, yaani eneo ambalo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, hana budi kubeba ramani za kale pamoja na kinasa sauti chake. Fauka ya hayo, ramani hizo azisome kama anavyosoma matini nyingine yoyote: aulize ni nani anayesimulia, amesimama wapi, amesikia kutoka kwa nani na amenyamazia nini.

Wapo watakaodai kuwa huku ni kuwaingilia wanajiografia shambani mwao. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito laiti ramani za kwanza za bara la Afrika Mashariki zingalichorwa na watu waliokwenda huko kuona. Hazikuchorwa hivyo. Mwaka 1854 mmisionari Jakob Erhardt alikaa Tanga akiwasikiliza wafanyabiashara na viongozi wa misafara iliyokuwa ikienda bara. Kutokana na maneno yao, yeye na mwenzake Johannes Rebmann walichora ramani iliyochapishwa Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856, ambayo katikati yake palikuwa na ziwa kubwa mno lenye umbo la koa. Wanajiografia wa London waliicheka ramani hiyo, lakini ilichangia kuwafanya wawatume Burton na Speke mwaka 1856 kwenda kuhakikisha. Koa yule alikuwa maziwa kadhaa yaliyounganishwa kuwa moja. Kosa halikuwa la wasimulizi peke yao. Kila mmoja alisimulia maji aliyoyafikia yeye, na mchoraji ndiye aliyeamua kuwa maji hayo yote ni mamoja.

Mfano wa Thomas Wakefield unagusa Nyanza kwa karibu zaidi. Mwaka 1870 jarida la Shirika la Kifalme la Kijiografia la London lilichapisha maelezo yake ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara. Wakefield, mmisionari aliyekaa Mombasa na Ribe, hakuwa amezipita njia hizo. Aliyezijua ni Sadi bin Ahedi, mtu wa misafara, aliyemsimulia kituo kwa kituo na siku kwa siku: mahali penye maji, mahali penye chakula cha kununua, mahali pa kuwaogopa Wamasai, hadi mwambao wa Ziwa. Mwaka 1882 mmisionari mwingine, Farler wa Magila, alichapisha njia za kutoka Pangani kwenda Ziwa kwa mtindo huo huo. Maelezo ya namna hii ni mapisi kwa kila kigezo kinachofundishwa madarasani. Yana msimulizi, yana hadhira, yana mpangilio wa safari, yana urudiaji wa kutembea na kulala. Kwamba yalitoka katika vinywa vya watu wa misafara ya pwani na kuishia kwenye mistari ya wino huko London, na kwamba hadi leo husomwa zaidi na wanahistoria kuliko na wanafunzi wa fasihi, ni upungufu ambao idara za Kiswahili hazina wa kumsingizia.

Ndipo likaja jina Kavirondo. Asili yake inabishaniwa hadi leo, lakini lilikuwa jina la watu wa misafara kabla ya kuwa jina la serikali. Wajaluo hawakujiita hivyo. Kutoka kwenye ramani za misafara jina hilo lilihamia kwenye ramani za wapelelezi, kisha kwenye ramani za utawala, na hatimaye nchi yote kuanzia Karungu hadi milima ya Wagusii ikawa Wilaya ya Kavirondo Kusini. Jina liliondolewa rasmi mwaka 1948, wilaya ikaitwa Nyanza Kusini. Katika miaka ya 1990 wilaya hiyo ikamegwa tena na tena, wakazaliwa Homa Bay, Migori, Suba, Kuria na Rachuonyo, kabla ya Katiba ya 2010 kuzikusanya kuwa kaunti mbili. Mwanafunzi anayetafuta Kaunti ya Migori katika ramani ya mwaka 1910 atatafuta hadi jua litue. Itambidi kwanza ajue kwamba anachokitafuta kilikuwa na jina la watu wengine. (Na kwa kuwa majina ndiyo yanayozungumzwa, Mswahili wa pwani asikiapo Homa Bay hudhani ni ghuba ya maradhi. Jina hilo limetokana na milima ya Homa, wala halihusiani na joto la mwili.)

Ramani za waliofika wenyewe nazo zina mipaka yake. Henry Morton Stanley alilizunguka Ziwa mwaka 1875 kwa mashua yake Lady Alice. Ramani yake ilithibitisha kuwa Ziwa ni moja, jambo lililokuwa likibishaniwa tangu safari za Speke. Lakini kona ya kaskazini mashariki aliichora kama ghuba fupi aliyoiita Ugowe. Ghuba ya Winam, inayoingia bara kilomita nyingi na ambayo kando yake wanaishi watu wa Mbita, Homa Bay na Kendu, haikuonekana kwa urefu wala umbo lake, kwa sababu mlango wake umesitiriwa na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Ilibidi upimaji wa Kamanda Whitehouse, karibu na mwaka 1900, uje kuisawazisha. Katika muda wote huo mvuvi wa Rusinga alikuwa akipita katika mlango huo kwenda na kurudi. Stanley alisimulia alichoweza kukiona kutoka katika mashua. Darasani msimulizi wa aina hiyo huitwa msimulizi mwenye upeo finyu, na hakuna anayemwita mwongo. Ramani nayo inastahili kupewa haki hiyo.

Haki hiyo, hata hivyo, ni vigumu kuipa ramani ya mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuigawa Afrika Mashariki kwa mstari utakaotoka Mto Umba kule pwani, uuzunguke Kilimanjaro, kisha unyooke hadi mahali ambapo latitudo ya digrii moja kusini hukutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa. Digrii moja kusini! Hapakutajwa mto, wala kilima, wala ukoo. Mahali penyewe ni karibu na Muhuru, ambayo sasa imo katika Kaunti ya Migori, na mwaka huo wa 1886 hapakuwa na afisa hata mmoja wa mataifa hayo mawili huko. Tume ya pamoja ya kuutafuta mstari huo ardhini ilianza kazi mwaka 1904, upande wa Uingereza ukiongozwa na Kapteni G. E. Smith. Wakuria walijikuta baadhi wakiwa Waingereza na baadhi Wajerumani pasipo kuhama nyumba. Wajaluo wa Muhuru wakatengwa na ndugu zao wa Shirati. Mstari huo ungali umenyooka katika ramani za leo, ukipita kati ya Isebania na Sirari, na mwanafunzi anayekusanya nyimbo za jando za Wakuria akakoma kwenye kizuizi cha forodha anamtii Bismarck bila ya kujua.

Kuna matini za kusoma kwa kile zilichoacha kusema. Umbali wa kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori zipo kuta za mawe za Thimlich Ohinga. Zimejengwa kwa mawe matupu yaliyopangwa yakashikana pasipo saruji wala udongo, nyingine zikifika mita nne na ushei kwenda juu, na umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 500. Zilitangazwa kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1981, na UNESCO ikaziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Si peke yake. Wanaakiolojia wamehesabu zaidi ya maeneo 130 yenye maboma kama hayo katika ukanda huo wa Ziwa. Ramani za mwanzo za kikoloni zilijishughulisha na vituo, njia za kupitia na mipaka. Kwa msomaji wa ramani ya aina hiyo, nchi ile ilikuwa vichaka na vijito. Lakini jina lenyewe lilikuwapo midomoni mwa wenyeji, nalo linasimulia. Kwa Dholuo, thim ni msitu au nyika, lich ni cha kutisha, ohinga ni boma la mawe. Aliyelibeba jina hilo vizazi kadhaa alikuwa amehifadhi ramani isiyohitaji karatasi.

Mfano ulio mzito kuliko yote pengine ni Bonde la Lambwe. Katika ramani nyingi bonde hilo ni peupe, na tangu mwaka 1966 limekuwa hifadhi ya wanyama, ambayo mwaka 1983 ilifanywa Mbuga ya Taifa ya Ruma. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo huona weupe huo na kuamini kuwa Mungu aliliumba bonde hilo kwa ajili ya korongo na twiga. Ukweli ni kwamba ugonjwa wa malale, ulioushambulia mwambao wa Ziwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, uliwaua watu na kuwafukuza wengine, na mbung'o wakabaki kuwa wenye bonde. Mahali peupe katika ramani palikuwa na vilio. Mchora ramani aliandika matokeo akayaacha masababu, na masababu hayo yamo katika nyimbo za maombolezo na katika visa vya koo zinazoeleza kwa nini zilihama. Nani atayakusanya iwapo mtafiti wa fasihi hajui hata kuwa weupe ule ni swali?

Haifai, lakini, kumfanya mzee kuwa Biblia na ramani kuwa shetani. Masimulizi ya koo yana tabia yake. Kila ukoo husimulia kuwa ulifika wa kwanza, na jirani ndiye mgeni. Pale ramani inapoweza kusaidia, isaidie. Baina ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa yalipanda kwa zaidi ya mita mbili, na fuo nyingi zikamezwa. Mzee akisema kuwa mji wa babu yake upo chini ya maji, msikilizaji wa mjini hudhani kuwa hiyo ni Simbi Nyaima nyingine. Pale zinapopatikana, picha zilizopigwa kutoka angani kabla ya mwaka 1961, pamoja na ramani zilizotokana nazo, zikilinganishwa na za baadaye huonyesha ufuo uliorudi nyuma. Mzee hakuwa akitunga. Mwaka 2020 maji yalipanda tena na kuzifukuza familia nyingi za mwambao, na bila shaka masimulizi yake yameanza kutungwa. Vivyo hivyo Mbita na Rusinga. Ramani za kabla ya miaka ya 1980 zinaonyesha mlango wa maji baina ya kisiwa na bara, mlango uliozibwa kwa tuta la barabara kabla ya daraja kujengwa baadaye na kuyapa maji njia tena. Nyimbo za uvuvi zinazotaja kuvuka hapo kwa mtumbwi hazieleweki kwa mtoto anayevuka kwa bodaboda.

Rusinga, Mfangano na Gwassi zina sababu nyingine ya kuharakisha. Hiyo ni nchi ya Abasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao baadhi ya koo zao zilitoka upande wa Buganda, na ambao katika karne mbili zilizopita wengi wao wamehamia Dholuo. Wazungumzaji wa Olusuba wanazidi kupungua. Lakini majina ya mahali hayahami kwa wepesi kama ndimi za watu. Mwanafunzi wa Kiswahili, aliyefundishwa ngeli na viambishi vya Kibantu, akiipitia ramani ya kale ya visiwa hivyo atasikia ndani ya majina sauti ambazo mwanahistoria asiyejua Kibantu angezipita. Akichelewa, atabaki na majina yaliyoandikwa na karani wa Kizungu kwa tahajia yake, pasipo wa kumweleza yalitamkwaje. Tayari Macalder, mahali palipobeba jina la mgodi wa Kizungu wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966, pamefunika majina yaliyokuwapo kabla ya mgodi.

Suala hili si la anasa za kitaaluma. Tangu Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya mwaka 1968, mashamba ya Nyanza Kusini yamepimwa, yakachorwa, yakapewa nambari. Katika desturi ya Wajaluo, hata hivyo, ushahidi wa ardhi ni kaburi la babu, ua wa minyaa, na gunda, yaani mahame ya boma la wazee. Ramani ya mashamba inaonyesha nambari na mipaka, haionyeshi kaburi. Ugomvi unapozuka, mwenye karatasi na mwenye kaburi husimama mbele ya chifu kila mmoja akiwa na matini yake, na aghalabu karatasi hushinda kwa sababu ina mhuri. Mtafiti anayefika kijijini na ramani ya mwaka 1920 mkononi asisahau kuwa anaingia katika ugomvi huo. Watu watataka kujua ramani yake inasema shamba ni la nani. Ni wajibu wake kueleza, kwa uwazi na kabla ya kukunjua karatasi, kuwa ramani hiyo haikuchorwa kuamua jambo hilo. Kwa mintarafu ya usalama wa wasimulizi, baadhi ya anayoambiwa kuhusu makaburi yafaa yasichapishwe kabisa.

Wengine watauliza: kwa nini Kiswahili? Kwa nini kazi hii isiachiwe wasomi wa Dholuo, Olusuba na Igikuria? Bila shaka wao ndio wa kwanza, na majina yaandikwe kwa lugha zake. Lakini Migori ni kaunti ya Wajaluo, Wakuria, Abasuba, Wamaragoli, Wagusii na Wasomali, na Mkuria wa Kehancha akizungumza na Mjaluo wa Muhuru, lugha inayowakutanisha kwa kawaida ni Kiswahili. Kendu Bay nayo ina Waislamu wake wa siku nyingi na msikiti wao, na uhusiano wake na lugha hii haukuanzia shuleni. Ramani inayowahusu wote hao ijadiliwe kwa lugha wanayoijua wote. Hapo itadhihirika pia kuwa istilahi zenyewe ni haba: skeli husemwa kwa njia tatu, na mistari ya mwinuko haijapata jina linalokubaliwa na kila mtu. Kazi hiyo ya istilahi nayo ni ya nani kama si ya wanafunzi hawa?

Vifaa vipo. Maktaba ya Uingereza imeweka kwenye intaneti ramani za Ofisi ya Vita zinazohusu Afrika Mashariki tangu mwisho wa karne ya 19, na zinaweza kutazamwa bila malipo. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Nairobi ina ripoti za Kavirondo Kusini. Karatasi za 1:50,000 hutolewa na Idara ya Upimaji, Ruaraka. Kinachotakiwa zaidi ni adabu ya matumizi. Mzee asikabidhiwe ramani na kuulizwa kwenu ni wapi, kana kwamba anafanya mtihani. Aulizwe kwanza kilima anachokiona kutoka mlangoni kwake. Ramani ielekezwe upande anaotazama, hata kama kaskazini itakuwa chini. Msimulizi aanze kutoka kilima hicho, na penseli imfuate. Akisema jina lililochapishwa ni kosa, liandikwe lake kando, pamoja na jina la lugha aliyotumia. Kamati za tasnifu nazo ziikubali karatasi hiyo iliyoandikwa andikwa kuwa sehemu ya data, isiwe pambo la kuwekwa kwenye kiambatisho cha mwisho ambacho mtahini hafiki.

Kwa anayetaka pa kuanzia, Kendu Bay ni karibu na barabara. Aende na karatasi yenye kile kifungo cha maji, atafute mtu anayeweza kuonyesha kwa fimbo upande aliojia bikizee, na alikoelekea yule mwanamke ambaye, katika baadhi ya masimulizi, peke yake alimhurumia na akaokoka. Njia hiyo ya pili haimo katika ramani yoyote.